PC ya gemu ya lita 11: nimekaa nayo miezi nane Dodoma, haya ndo niliyoyaona

Mbukwenyi wakuu. Kuna watu kama watatu niliwaahidi nikishaijua vizuri hii mashine ntaandika, sasa leo Jumapili umeme upo, maji yapo, sina kisingizio. Naongelea kesi ndogo ya kompyuta, yaani gamba lake la nje, ile ya kutumbukiza kwenye begi la mgongoni ukaondoka, pamoja na vyote nilivyovipakia ndani mpaka ikawa chombo cha gemu. Ntaisifia na ntaisema, maana imenifurahisha na imenitesa.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Nimeipima na tepu, urefu sm 33, kimo sm 22, upana sm 15, ukizidisha unapata lita 10.9. Wanaojenga hizi mashine kesi wanaipima kwa lita kama sisi tunavyopima maji, kwahiyo ukitaka kupata picha chukua ile ndoo ndogo ya lita kumi ya kuogea, humo ndani weka prosesa, kadi ya picha yenye feni mbili, pawasaplai, kila kitu, halafu funika. Kesi ya kawaida uliyoizoea inacheza lita 40 mpaka 50. Yangu haina jina la kueleweka, boksi la kaki limeandikwa Kichina tupu, kwahiyo msiniulize brandi.

Kwanini nilihangaika hivyo? Bajaji. Nilikuwa na kesi kubwa ya kioo pembeni, taa kibao, na Jumamosi huwa tunakutana kwa jamaa yetu Kisasa watu wanne watano kila mtu na chombo chake tunacheza mpaka kunakucha. Siku hiyo natoka Nkuhungu nimeipakata kama mtoto mgonjwa, dereva akalirukia tuta kama halioni, nikasikia chwaaa, kioo chote kiko mapajani kama chumvi ya mawe. Dereva ananiangalia kwenye kioo chake anasema "pole kaka, ilikuwa TV?" Nikasema basi, hii kitu inabidi iingie kwenye begi.

Kabla hujafika huku kwenye mateso yangu ujue kuna njia ya mkato ambayo wengi tumepitia, unanunua Dell au HP used ile nyembamba ya ofisini, unachomeka kadi ya picha ya GTX 1650 fupi ile low profile inayokula watt 75 tu, inazitoa hukohuko kwenye sloti bila waya wa ziada. Kwa mtu wa GTA V na mpira hiyo inatosha kabisa na hela inabaki. Ukitaka zaidi ya hapo ndo inakwama, pawasaplai yake ndogo na nafasi hamna. Mimi nilitaka zaidi ya hapo.

Sasa kosa la kwanza watu wanalofanya, na mimi nilikaribia kulifanya, ni kununua vifaa halafu kutafuta kesi. Huku kwenye udogo kesi ndo inayooa, wengine wote wanafuata masharti yake. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, lazima iwe Mini-ITX, yaani sm 17 kwa 17, saizi iliyoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001 na mpaka leo haijabadilika. Ina sloti mbili tu za RAM na sloti moja ya kadi, ukikosea hakuna pa kuongezea. Kadi ya picha kesi yangu inaruhusu sm 24 na unene wa sloti mbili, na kipoozeo cha prosesa mwisho mm 50 kwa kimo. Hiyo 50 ndo iliyoniuma. Kile kipoozeo kinachokuja bure na prosesa yangu, Ryzen 5 5600, kina mm 54. Milimita nne wakuu! Kifuniko hakifungi kabisa, nikabaki nakiangalia kile kidude kipya ndani ya boksi, nikaenda kununua kingine, Thermalright AXP90-X47, ambacho kina mm 47. Na RAM msichukue zile ndefu zenye taa, zinagombana na mapezi ya kipoozeo, chukua zile za kawaida fupi, kwanza zikishafunikwa humo nani ataziona.

Kutafuta hapa mjini nilizunguka sana, One Way yote, kuzunguka Nyerere Square, mpaka Majengo. Maduka yapo na wanajua kazi yao, ila Dodoma ni mji wa ofisi, unakuta laptop, printa, toner, UPS, hayo yamejaa. Ukisema Mini-ITX muuzaji anakuuliza ni ya printa gani. Siwalaumu, mzigo wanaoleta ndo unaouzika. SSD ya TB 1 na RAM nilipata hapahapa bei ya kawaida tu. Kesi na mazabodi niliagiza China kupitia wakala wa mizigo, kwa meli, miezi miwili na siku kadhaa. Kadi, prosesa na pawasaplai Kariakoo.

Hapo kwenye pawasaplai ndo nikapigwa. Hizi kesi zinatumia saizi inaitwa SFX, mm 125 kwa 63.5 kwa 100, mstatili flani umeshiba. Nikampigia muuzaji mmoja wa Kariakoo (jina naliacha), namwambia SFX, namtajia na vipimo, anajibu "boss wangu ndogo zote ni moja, tuma hela mzigo upande basi la usiku". Nikatuma. Asubuhi nafungua naikuta TFX, ile ndefu nyembamba kama kalamdani, ya kompyuta za ofisini. Haiingii hata kwa maombi. Napiga simu anasema hajawahi kurudishiwa mzigo, niende mwenyewe. Nikapanda SGR, nauli ya kawaida 31,000, masaa matatu na nusu hivi niko Dar, boda mpaka Kariakoo, nikamuwekea mezani na tepu juu yake. Akabadilisha, lakini ya kwangu ilikuwa ghali zaidi nikaongeza na hela. Jioni nimerudi. Kiukweli bila treni ile safari ingenila siku mbili. Kwahiyo ukinunua kwa simu mwambie muuzaji aweke tepu juu ya kifaa apige picha akutumie, akikataa kaa na hela yako.

Kuunganisha sasa. Hizi kesi za aina yangu wanaziita sandwichi, mazabodi upande mmoja kadi upande wa pili, zimegeuziana mgongo kama wanandoa waliokosana, na katikati kuna mkanda unaitwa raiza unaowapatanisha. Kazi yenyewe ilinichukua Jumamosi nzima. Waya za pawasaplai ni ndefu kuliko kesi yenyewe, unazikunja, unazilaza, unazifunga na zipu za plastiki, ukidhani umemaliza kuna mmoja unagusa feni krrrr. Mikono yangu mikubwa, nikamuita mpwa wangu wa darasa la sita aje achomeke waya wa batani ya kuwashia. Alilipwa soda.

Nikawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi.

Hapa ndo pa kusoma taratibu maana ntakuokolea siku mbili. Nilibadilisha kebo ya HDMI, nikabadilisha monita, nikatoa RAM nikarudisha, nikaipeperusha, nikaomba. Kuchomeka HDMI ya kwenye mazabodi haisaidii kwa sababu Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani, ile tundu ipo kama pambo. Nikajua kadi imekufa, laki 9 na ushee, sikulala. Jumatatu nikaibeba mpaka kwa dogo mmoja fundi ana kimeza chake mjini, hajawahi hata kuona kesi ya hivi lakini ana akili ya utulivu. Akaiangalia akasema "kaka huu mkanda mimi siuamini, tuutoe". Tukatoa mazabodi nje ya kesi, tukailaza juu ya boksi lake, kadi tukachomeka moja kwa moja kwenye sloti. Picha hiyo hapo! Nilitaka kumbusu.

Kumbe kadi na mazabodi vyote vinaongea kwa PCIe 4.0 (PCIe ndo njia ya mawasiliano ya ile sloti, namba ni kizazi chake), lakini raiza iliyokuja na kesi ni ya 3.0. Mazabodi ukiiacha kwenye Auto inajaribu spidi kubwa, mkanda unashindwa kuibeba, hakuna anayesema kosa ni nini, giza tu. Dawa yake unaingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya mazabodi yenyewe, wakati kadi imechomekwa moja kwa moja, unatafuta mpangilio wa sloti ya PCIe unatoa Auto unaweka Gen 3, unahifadhi, ndo unarudisha kila kitu ndani ya kesi na mkanda wake. Dogo alinichaji 15,000, nikampa 30,000.

Mtauliza kwani hupotezi spidi? Kidogo. Kadi yangu ni RTX 4060, inatumia njia 8 tu kati ya 16 za sloti, kwahiyo ukiishusha Gen 3 unaibana kiasi, na utaisikia zaidi pale memori yake ya GB 8 inapojaa. Kwa gemu ninazocheza mimi kwenye 1080p sioni tofauti ya kunikosesha usingizi. Lakini kuuziwa kesi mpya na mkanda wa zamani bila hata kikaratasi cha kukuambia, hiyo ni nyota nzima naikata.

Joto. Wengi ndo walikuwa wananiuliza hili, na ni haki yao maana huu ni mji wa jua. Chumba changu hapa Ilazo hakina dari, mama mwenye nyumba anasema mwezi ujao tangu mwaka jana, ni bati na wewe. Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, saa nane mchana kipimajoto cha ukutani kinasoma 33. Sasa kompyuta haipozwi na uchawi, inapozwa na hewa ya chumbani, hewa ikiingia na 33 prosesa haiwezi kushindana na mtu anayecheza usiku wa Julai wakati upepo wa hapa unakufanya uvae koti. Siku za mwanzo prosesa ilikuwa inafika 88, na mwisho wake AMD walioitengeneza wameandika 90. Mashine haikuzima ila feni ilikuwa inalia mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga, "baba hiyo ni feni au umeleta mashine ya kusaga?"

Nilichofanya ni kwenda kwenye baiosi kuipunguzia umeme prosesa. Kuna mpangilio unaitwa Eco unaoitoa watt 65 kwenda 45, na kuna sehemu ya kuipunguzia volti. Tamaa ikaniingia nikashusha volti mno, ikagoma kuwaka, nikafanya kama tulivyofundishana, nikatoa betri ya mazabodi kufuta mipangilio. Hapo nikajichimbia kaburi. Ukifuta mipangilio na ile Gen 3 inafutika, inarudi Auto, na giza linarudi! Ikabidi nifungue kesi yote, skrubu 17 nimezihesabu, nitoe mkanda, nichomeke moja kwa moja, nianze upya. Siku hizi nimeshusha kidogo tu, iko na 76 mchana wa joto, usiku chini ya 70, na fremu (picha kwa sekunde) nilizopoteza hazifiki hata tano. Kadi yenyewe haina shida, 4060 inakula watt 115 tu, ndo maana niliichagua hiyo na sio kubwa zaidi. Katika lita 11 kila watt unayoingiza lazima uitoe, hakuna pa kuificha. Na chini yake nimeweka vizibo vinne vya soda kuinyanyua, hewa inapita vizuri, msicheke.

Vumbi nalo ni mada nyingine. Likianza kupuliza Juni mpaka Septemba huku halihitaji mlango wala dirisha, unalikuta mpaka ndani ya friji. Kesi hii ni matundu pande zote, nzuri kwa hewa, lakini matundu hayachagui. Nilinunua soksi ya nailoni ya kike nikaikata nikaitandaza kwa ndani kama chujio, joto likapanda kama nyuzi 3 hivi, nimeona ni bei halali. Kila wiki tatu nafungua napuliza na blowa ndogo. Usiende kwa fundi pancha na kompresa yake, jamaa yangu alienda ikamtemea maji ndani ya mazabodi. Na ukipuliza shikilia feni na kidole isizunguke hovyo.

Faida ya udogo kwenye usafi ni kwamba dakika kumi umemaliza. Ile kubwa nilikuwa naisogelea mara mbili kwa mwaka kwa shingo upande.

Umeme: nikicheza gemu nzito mashine inavuta kama watt 250 kwa makadirio, kwahiyo masaa manne ndo uniti moja ya LUKU, shilingi 350 na kitu kwa sisi tulio kwenye tarifu ya kawaida. Soda ni ghali zaidi. Nimeiwekea UPS ya VA 650, sio ya kuendelea kucheza, ni ya kupata dakika za kuhifadhi na kuzima kistaarabu umeme ukikata.

Gemu zenyewe sitakaa sana hapo maana video zimejaa kila kona. EA FC ya mpira inateleza, GTA V hata sihangaiki kushusha chochote, Cyberpunk 2077 naiweka High bila ray tracing, ule mwanga wa kihalisi unaoitesa kadi, inakaa juu ya fremu 60 kwenye 1080p. Kwa monita yangu ya 1080p sihitaji zaidi.

Hela sasa, bila kuficha. Kesi pamoja na usafiri 290,000, mazabodi B550 ya Mini-ITX 480,000, prosesa 330,000, kadi 980,000, RAM GB 16 kwa 130,000, SSD 210,000, pawasaplai 340,000 baada ya yale mauzauza ya Kariakoo, kipoozeo 110,000. Jumla 2,870,000, nauli sijaweka. Vifaa vya nguvu hiyohiyo kwenye kesi kubwa nilipiga hesabu ningeokoa karibu laki 7, maana mazabodi kubwa ni nusu bei, pawasaplai ni nusu bei, na kile kipoozeo cha bure kingeenea. Kwahiyo laki 7 ndo bei ya kuingia kwenye begi. Kama mashine yako inakaa sehemu moja mwaka mzima usijisumbue, nunua kubwa, hela iliyobaki ongezea kwenye kadi.

Mimi nahama hama. Wiki iliyopita nimetoka kazini Mtumba Ijumaa, nimepitia nyumbani, begi mgongoni, treni ya jioni, usiku niko kwa kaka yangu Mbagala nimechomeka kwenye TV yake tunacheza. Pale stesheni kwenye mashine ya ukaguzi mlinzi akaniita pembeni, "hii nini?" Nikamwambia kompyuta. "Kompyuta gani haina skrini wala kibodi?" Nikafungua begi akachungulia kwenye matundu akaona feni, akasema "si ungesema ni jenereta". Nikafunga zipu nikapanda.

Kesi naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwenye wavu wa pembeni uliokuja umepinda nikaunyoosha na koleo, na ile moja ni ya mkanda. Dogo fundi ana tano zote, anayemtaka aje inbox.

Na kama kuna mtu ana raiza ya 4.0 ya sm 20 haitumii, anicheki, niko Ilazo, nachukua hata leo jioni.